Mtu Hana Mabega Sawa

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu nyingi sana. Mimi mzima. Goti ni lile lile, halina habari mpya. Anayeandika hapa ni Msusi, yule niliyempangisha chumba cha mbele tulichokuwa tunashonea zamani. Sasa ni saluni. Meza yangu ya kukatia nguo ameijaza machanuo na mafuta ya nywele, nami sijasema kitu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshee maneno. Anacheka. Msusi, andika kwamba unacheka.

Usinipigie simu tena. Hili sikio halisikii simu, linasikia nyuki. Barua ndiyo nzuri, barua unaweza kumwambia mtu arudie.

Karatasi za kitabu chako zimefika. Msusi ananisomea mchana, wateja wakiwa wamekaa kwenye draya za kukaushia nywele. Wao hawasikii kitu kwa ule mvumo, lakini wanatikisa vichwa kwa heshima. Ananisomea kwa kidole, mstari kwa mstari, akifika kwenye neno refu anakwama kama cherehani iliyokosa mafuta, anarudi nyuma, anasukuma, anapita. Nimemzoea.

Sasa nikwambie ukweli. Huyo dada mkubwa umempamba mno. Anaamka, anafua, analia, anasamehe. Mwanamke gani huyo asiyemtukana hata kuku? Na usinifiche, najua ni mimi, goti lake linauma. Mimi nimekata nguo tangu sijaolewa na babu yako, na kitu kimoja nimekiona: mtu hana mabega sawa. Hakuna. Alikuwepo mkunga mmoja, mteja wetu, ukimtazama hivi amenyooka kama mlingoti, ukimpima, bega la kushoto limeshuka. Kwa nini? Mkoba. Miaka yote mkoba begani. Ukimkatia gauni la mabega sawa linamning'inia upande mmoja kama limeibwa kwenye kamba ya jirani. Lazima ukate bega lililoshuka, ndipo gauni likae, na watu waseme, loo, mkunga kanyooka! Nilikuwa nasema nini? Ndiyo. Huyo dada wa kitabuni umemkata mabega sawa. Mshushe moja.

Lakini yule mdogo wake, aliyeondoka na mkasi, hapo ndipo umenikosea kabisa. Umemwita mwizi halafu ukaanza kumwonea huruma. Mwizi ni mwizi. Muue. Kama huwezi kumuua, mpe ugonjwa wa ngozi.

Ni mimi bibi yako, kwa mkono wa Msusi


Jumamosi, tarehe 16 Machi

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma kazini, pale mapokezi, huku mgonjwa mmoja ameshika shavu akisubiri daktari wa meno. Nilipofika kwenye ugonjwa wa ngozi nikacheka kwa sauti. Akanitazama vibaya sana.

Umesema kweli kuhusu dada mkubwa. Nitamshusha bega. Lakini mhariri ananisumbua kwa huyo mdogo. Ameniandikia hivi: "Huyu si mtu, ni mdoli. Anachukua mkasi kwa sababu mwandishi amemwambia achukue. Mhusika lazima awe na kitu anachokitaka." Amesema nisipomrekebisha kufikia mwisho wa mwezi wa sita, kitabu hakitoki, na nimekiandika mwaka wa nne sasa, Bibi, kila saa ya chakula cha mchana, nyuma ya kabati la mafaili.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, maana nyumbani hakuna aliyewahi kuniambia. Mimi namjua Bibi Mdogo, huyo mdogo wako, kwa picha moja tu, ile aliyofumba macho. Alipoondoka na mkasi wa mama yenu, alikuwa anataka nini?

Mjukuu wako


Alhamisi, tarehe 28 Machi

Mke mwenzangu,

Alitaka nini? Alitaka mkasi! Mhariri wako amesoma mpaka wapi?

Haya, kaa nikusimulie, usije ukaandika uongo ukasema bibi kaniambia. Tulikuwa wawili chumba kile. Mimi nakata, yeye anashona. Ndivyo mama alivyotuachia, mkasi kwangu, cherehani kwake. Mkasi ule mzito, wa chuma cheusi, ukiufunga unasikia "chap", mpaka paka anaruka. Na mdogo wangu, sikatai, alikuwa na mkono. Mshono wake ulikwenda kama mchwa kwenye mstari. Ila alikuwa na kimdomo. Nikikata anasimama nyuma yangu: "Dada, hapo ungepindisha kidogo." Nani kakuuliza?

Siku moja nimekwenda sokoni kutafuta vifungo, narudi, nakuta amekata. Kitambaa cha mteja, cha sherehe, kizuri hicho. Mkono mmoja wa gauni umekuwa mfupi. Mteja yupo, amesimama na watu wake. Nikamwambia, "Wewe shona tu. Kukata kuna wenyewe." Basi. Hilo ndilo neno lenyewe, wala si tusi. Nikakaa kuokoa lile gauni, nikaweka mikono mifupi yote miwili, na mteja akafurahi akasema ndio mtindo.

Kesho yake asubuhi yeye hayupo, na mkasi haupo. Baadaye nasikia amefungua chumba upande wa pili wa soko. Soko moja tu, mjukuu wangu! Moshi wa jiko lake ungeweza kunifikia. Mama yako alikuwa hajaanza hata kutembea, na leo wewe una miwani. Sijavuka. Kwa nini nivuke mimi? Aliyechukua ndiye anarudisha.

Nikanunua mkasi mwingine siku ile ile. Ukakata vizuri tu.

Mwandike mwizi. Msusi ananitazama. Msusi, endelea na kazi yako, huyo mama nywele zitaungua.

Bibi yako


Jumapili, tarehe 7 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Usinikasirikie.

Mkasi unauzwa dukani, wewe mwenyewe ulinunua mwingine siku ile ile. Bibi Mdogo naye angeweza kununua. Kwa nini achukue ule, mzito, wa kumkumbusha maneno yako kila akiufunga?

Na jambo la pili. Umenifundisha kwamba mtu hana mabega sawa. Nimelibandika neno hilo ukutani, juu ya meza yangu. Lakini Bibi, kila ukimtaja mdogo wako unamkata sawa sawa, kulia mwizi, kushoto mwizi. Umemlalamikia dada mkubwa kwamba ni mwema mno, lakini mdogo umeridhika awe mbaya mno. Gauni lake halikai.

Nikikwama na mtu kwenye hadithi, nina kitu ninachofanya. Nafunga mlango, nakaa kama yeye, nasema kwa mdomo wake, nikianza na "mimi". Mara nyingi natoka na upuuzi. Lakini mara moja moja ananiambia kitu nisichokijua. Nakuomba ujaribu, kwa ajili ya kitabu. Kaa pale cherehani ilipokuwa, useme kama yeye. Msusi aandike tu, asikukatishe.

Mjukuu wako


Jumanne, tarehe 16 Aprili

Mke mwenzangu,

Mambo yako haya! Niko hapa nimekalia stuli ya kuoshea nywele, ndipo cherehani ilipokuwa, karibu na dirisha. Wateja wametolewa nje. Mmoja katoka na rola kichwani, amekaa kibarazani anapunga upepo. Haya. Nasema kama yule.

"Mimi ndiye mdogo. Mimi nina kiburi na pua ndefu." Msusi anasema hapo ni wewe unamsema, si yeye anajisema. Kumbe na yeye ni mwandishi. Haya tena.

"Mimi ndiye mdogo. Nimekaa hapa dirishani tangu asubuhi, jua linanipiga mgongoni. Dada amekaa kivulini na mkasi wake. Ananirushia vipande, mimi naunganisha. Nguo ikitoka, mteja anamshukuru nani? Anamshukuru Dada, maana Dada ndiye anayezungumza. Dada anazungumza mno. Leo ametoka, kitambaa kimelala pale mezani. Nimeugusa mkasi. Bado una joto la mkono wake. Nimekata. Nilikuwa nataka akirudi aone. Nilikuwa nataka aseme" 

Hapana, yule hakutaka mimi niseme kitu. Msusi, futa. Usifute, acha, niendelee.

"Akasema lile neno mbele za watu. Kesho yake nikaamka mapema. Nikachukua mkasi, nikatoka. Nikafika pale kona, penye kinyozi. Nikasimama. Nikageuka nyuma, nikaangalia mlango wa"

Basi. Mimi sijui kama aligeuka. Mlango nilikuwa nimeufunga. Acha kuandika, Msusi. Goti linauma kwa hii stuli.

Bibi yako


Jumamosi, tarehe 11 Mei

Bibi yangu,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya, nilikuwa naandika. Ile barua yako fupi nimeisoma mpaka imechanika kwenye mkunjo. Pale ulipoacha ndipo nilipoanzia. Mdogo amesimama pale kona kwa kinyozi, na sasa ni mtu, Bibi. Ananijibu. Juzi alinikatalia kabisa kusema neno nililompa.

Nakutumia sura ya mwisho. Si nyepesi. Nilijaribu kuwapatanisha, nikaandika mara kadhaa, kila mara ikawa na utamu wa kubandika. Hawa wawili nilivyowajua, hakuna atakayevuka soko. Kwa hiyo nimeandika walivyo. Mhariri amesoma, amesema ndiyo sura bora ya kitabu kizima.

Msusi, tafadhali msomee polepole. Na awe amekaa.

Mjukuu wako


Jumatano, tarehe 22 Mei

Mke mwenzangu, fundi wangu, mikono yako isikauke!

Sura ya mwisho nimesomewa jana. Msusi alikuwa anamsuka mtu, karatasi kaiweka pale juu ya kioo, akasoma huku mikono inasuka. Mjukuu wangu! Unaniambia niwe nimekaa kana kwamba ni msiba, kumbe ni hivi!

Pale dada mkubwa anapotafuta viatu vyake vya kutokea, anavikuta chini ya kitanda, kimoja kina vumbi na kingine kina mayai ya mjusi, nimecheka. Halafu anavuka soko. Watu wa vitunguu wanamsalimu, yeye haitikii, anaogopa akisimama atarudi. Anagonga. Na mdogo anafungua akiwa na pini mdomoni, yuko katikati ya kazi, hawezi kusema. Hapo ndipo umeniweza. Maana angeweza kusema angesema maneno, na maneno ndiyo yaliyotuponza. Wanatazamana tu. Kisha anatoa pini moja moja, anazichomeka kwenye kifua cha gauni lake, na ya mwisho ikitoka anasema, "Ingia, Dada."

Nikamwambia Msusi arudie. Akasema sauti imemkauka.

Sasa sikia. Viatu vyangu vya kutokea vipo, nimeshavifuta. Ijumaa nikiamka salama navuka. Wewe mtoto umenionyesha njia ilivyo, kwamba ni soko tu, si bahari. Usimwambie mama yako, atataka kunisindikiza.

Bibi yako


Jumatatu, tarehe 27 Mei

Msusi,

Habari za kazi. Barua hii ni yako peke yako, usimsomee Bibi.

Ulisoma nini siku ile? Sura niliyotuma mimi, dada mkubwa anafariki, mlango umefungwa, na mdogo anakuja na mkasi baada ya mazishi, anauweka juu ya meza ya kukatia. Hakuna viatu wala pini. Sijaandika neno hata moja la hayo.

Barua ya Bibi imenifikia leo, na Ijumaa imeshapita. Kama ameenda akafukuzwa, kama mwenzake hata hakufungua, atakuwa amevaa viatu kwa sababu ya kitu ambacho hakipo. Namfahamu bibi yangu. Hatarudia mara ya pili. Niambie kilichotokea, hata kama ni kibaya.

Mjukuu wa Bibi


Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mwandishi,

Naandika mwenyewe, samahani kwa mwandiko, leo hakuna wa kunitajia maneno.

Nilianza kusoma kama ulivyoandika. Nikafika pale jeneza linapotoka. Nikainua macho, bibi yako amekaa kwenye kile kiti kidogo, ameshika glasi ya chai kwa mikono miwili, anasubiri. Usoni kama mtoto anayesubiri kuvishwa nguo mpya. Wewe uliandika ukiwa huko. Mimi nilikuwa hapa, natazamana naye. Sikuweza. Mdomo ukaendelea wenyewe. Viatu ni vya marehemu mama yangu. Pini mdomoni, hizo nimemwona nazo mwenyewe Bibi Mdogo, maana nampelekea magauni ya kupunguza. Ndiyo, huwa nakwenda kwake. Sikumwambia bibi yako, na sikukwambia wewe.

Nilipomaliza nikaogopa. Nikataka kusema. Lakini alishaenda kutafuta viatu.

Ijumaa aliondoka asubuhi, amejifunga mtandio wa kijani. Sikumfuata. Nilimsuka mtu mmoja vibaya mpaka nikafumua. Alirudi jioni, akapita saluni bila kunisemesha, akaingia ndani. Mpaka leo hajaniambia. Ila amesema kesho tutaandika barua ndefu, na ninunue kalamu mpya.

Kama nimekuharibia kitabu, nisamehe. Nilidhani kusoma ni kusoma tu. Kumbe kuna mtu unamsomea.

Msusi


Jumanne, tarehe 4 Juni

Mke mwenzangu,

Kalamu mpya, barua ndefu. Kwanza nimtoe huyu Msusi wasiwasi, maana anaikandamiza hiyo kalamu mpya mpaka atatoboa karatasi. Msusi, andika hivi: nilijua. Mimi sijui herufi, lakini mtu anayesoma namjua na mtu anayetunga namjua. Tangu uanze kunisomea unakwama. Ile sura ya mwisho hukukwama hata mara moja. Na tangu lini mtu akasoma kwa kidole huku mikono yote miwili iko kwenye nywele? Anacheka. Sasa analia. Haya, lia, lakini andika.

Tena mke mwenzangu unaniambia niwe nimekaa! Nikajua hapo kuna maiti, na maiti mwenyewe ni mimi. Sijakasirika. Fundi anakata anavyoona mwili. Lakini nililetewa magauni mawili, moja la kweli na moja la kutungwa hapo hapo, na hilo la kutungwa ndilo lililonikaa. Nikalivaa.

Basi nimevuka. Watu wa vitunguu hawakunisalimu, hawanijui. Nimegonga. Hakuwa na pini mdomoni, alikuwa anakula. Akanifungulia akitafuna, akanitazama, akaendelea kutafuna mpaka akameza. Ndivyo alivyo. Kisha akasema, "Umechelewa."

Hakusema ingia. Nikaingia mwenyewe. Chumba kidogo, cherehani dirishani, macho yake sasa hayaoni tundu la sindano, anatungiwa na wateja. Mkasi uko ukutani, umening'inia kwenye msumari. Nikausogelea. Mjukuu wangu, una kutu mpaka kwenye kiungo. Haufunguki. Yule hajakata nao hata uzi.

Nikamuuliza, "Sasa uliuchukulia nini?" Swali lako lile, la mhariri.

Akasema, "Wewe ulikuwa unaupenda ule mkasi kuliko mtu. Nilijua utaufuata."

Anasema siku ile kweli alisimama pale kona, kwa kinyozi, akinisubiri. Alisimama mpaka kinyozi akamletea kiti. Nami wakati huo nilikuwa dukani, nimetokea mlango wa nyuma, nanunua mwingine.

Tukakaa. Nikamtungia sindano, na mimi macho yangu si mabaya. Baadaye akaanza, "Dada, hilo gauni ulilovaa, hapo kwapani ungepindisha kidogo." Nikamwambia nani kakuuliza. Akacheka. Bado ana lile jino lake lililopinda.

Nimemweleza kuhusu kitabu. Anauliza kama umemwandika mnene. Anasema kama umemwandika mnene atakuja huko kwenye meno, kazini kwako. Na anataka ujue kwamba ule mkono wa gauni haukuwa mfupi, ni mteja aliyekuwa na mkono mrefu. Usiandike hiyo. Ni uongo.

Ile sura yako, iache ulivyoiona au ibadilishe, fundi ni wewe. Ukituua, sisi hatuji mazishini. Ila weka kile kiti cha kinyozi. Nakuomba hicho tu.

Nilipokuwa naondoka nikamwambia, "Haya, nipe mkasi wa mama niende nao." Akasimama mbele ya msumari, kafungua mikono hivi. Akasema, "Sikupi. Nikikupa hutarudi."

Kwa hiyo bado uko kwake. Ijumaa nakwenda tena kuudai.

Ni mimi bibi yako, kwa mkono wa Msusi, ambaye ametunga mengine lakini haya hajatunga